Kampuni Yetu ni ya Ngapi Afrika

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na sikio lako la kushoto limepata nafuu baada ya yale matone. Mama hajambo? Mwambie aache kupanda zile ngazi za ghalani kukuletea chakula. Goti lake si la jana, na wewe zimebaki siku kumi tu ustaafu. Kitinda mimba wetu namsalimu sana, nasikia sauti imekuwa nzito na sasa anaitikia simu kama mkuu wa mkoa.

Mimi huku ni buheri wa afya. Tena si uzima tu, nimechangamka mpaka wenzangu ofisini wananiuliza nimekunywa nini. Ndiyo maana sikukupigia simu. Simu wewe unaishika kwenye sikio bovu, kisha katikati ya maneno unampa Mama. Haya niliyo nayo nataka uyasome mwenyewe, umevaa miwani, na umekaa.

Uliniomba nikuletee orodha yetu ya kampuni kubwa za Afrika ili siku ya kuagwa usimame nayo mkononi, uwasomee wakubwa na wafanyakazi wenzako kwamba kampuni ya mabati uliyoitumikia miaka thelathini na minne ni ya ngapi barani. Ulisema jibu unalijua, unachotaka ni maandishi tu. Na mimi jibu lako nalijua, maana nimelelewa nalo. Tangu sijaota meno ya pili nakusikia ukisema hakuna mvua inayonyesha Afrika isiyogonga bati letu. Tukitembea mtaani ulikuwa huangalii watu, unaangalia mapaa. "Hilo letu. Hilo letu. Lile si letu, tazama lilivyoshika kutu." Mama alikuwa akisema iko siku utagongwa na baiskeli ukihesabu nyumba za wenyewe.

Basi ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana nadhani sijawahi kukueleza vizuri. Ofisi yetu iko juu ya duka la miwani. Tuko watu sita, vyumba vitatu na printa moja yenye hasira. Mkurugenzi wetu ni mama mfupi, mkimya, tunamwita Mama Desimali, ila asisikie. Kwake yeye nukta ikikaa pasipo pake ni sawa na mtoto aliyesahaulika barabarani. Mwaka huu tumekusanya hesabu za kampuni elfu tatu na mia nne kutoka kila pembe ya bara, tukazigeuza zote ziwe fedha ya aina moja, kisha tukazipanga: nani anauza zaidi, nani ameajiri wengi zaidi, na bidhaa zake zinapita katika vituo gani vya biashara.

Baba, bara hili ni kubwa! Nilidhani nalijua kwa kuwa nililichora darasani. Huko kaskazini kuna kampuni ya mafuta ambayo mauzo yake nilipoyaandika mara ya kwanza nilidhani kidole kimeteleza kwenye sifuri. Mama Desimali akayapitia mara tatu, akasema sifuri zote zina haki ya kukaa pale. Kusini kuna mabenki na migodi iliyozeeka kuliko babu. Magharibi kuna wauza saruji na wauza maongezi ya simu, na sijui nani kati yao ana majivuno zaidi, maana wote waliponijibu barua walianza kwa kujisifu. Na kuna nchi ambayo kwenye ramani naifunika kwa kidole gumba, lakini bandari yake inapokea mizigo ya majirani wanaoizidi ukubwa mara kumi. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nashindwa kula kwa kufikiria tu jinsi mfuko mmoja wa saruji unavyotembea.

Mwezi uliopita nikatumwa niyaone kwa macho, mimi na mwenzangu wa meza ya pili, kijana mpole mwenye tabia ya kutafuna kalamu. Tulianzia bandarini. Tulipanda ngazi ya chuma hadi kwa mwendesha kreni, ambaye hukaa juu kule na chupa yake ya chai kama ndege kwenye kiota. Akatuambia kwamba kwa miaka kumi na miwili hajawahi kujua anashusha nini, yeye anaona makasha na namba tu. Kutoka hapo tukafuata makasha hayo kwa barabara siku mbili hadi bandari kavu, yaani uwanja wa mizigo ulioko bara kabisa, hakuna hata dimbwi la maji. Malori yamepanga foleni, madereva wananyoana ndevu kwa kioo cha pembeni, na karani wa forodha anagonga mihuri kwa mdundo, unaweza kumchezea ngoma. Mwisho tukafika kwenye soko la mpakani, nchi ya tatu tangu tutoke, ambako watu wanapatana bei kwa lugha nne na wakigombana wanarudi kila mtu kwenye yake.

Sasa sikiliza, Baba. Katika soko lile kuna mama anayeuza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Wenzake wanamwita Jenerali. Hainuki kwenye kigoda chake, ana simu tatu mapajani, na kwa hizo simu tatu analisha nchi mbili misumari. Nilikuwa nimesimama mbele yake naandika, jicho likaangukia rundo la mabati nyuma yake. Nikaona muhuri wa buluu. Ile pembe tatu yenye herufi mbili! Nilipiga ukelele, mwenzangu akadhani nimekanyaga msumari.

Nikamwambia yule mama, "Haya yanatoka kwa baba yangu!"

Akanitazama juu mpaka chini, akaona viatu vyangu, akauliza, "Baba yako ndiye mwenye kampuni?"

Nikamjibu hapana, baba yangu ni mtunza stoo. Akaangua kicheko. Akasema basi huyo ndiye anayemjua yeye, kwa sababu mwenye kampuni hajawahi hata kumwota, lakini kila bunda linamfikia na karatasi yenye sahihi moja, mkia wake mrefu kama wa mjusi. Akaivuta karatasi moja akanionyesha. Sahihi yako, Baba. Ile ile ya ripoti zangu za shule. Akaniambia kwamba mizigo ya watu wengine anaihesabu bati kwa bati mbele ya dereva, lakini bunda lenye mkia wa mjusi haligusi, analipokea kama lilivyo, na kwa miaka kumi na sita halijapungua hata bati moja. Wateja wake wa ng'ambo ya pili ya mpaka, watu ambao hata kusoma lugha yetu hawawezi, wanataka kwanza waone mjusi ndipo watoe fedha. Nilimwomba karatasi moja nikuletee, akakataa katakata. Akasema hizo ndizo anazodaia fedha kwa wateja.

Nilirudi nimejaa kama mtungi. Wiki iliyofuata tukafunga hesabu, na hapa nakuomba ushike kiti.

Kampuni yetu si ya kwanza, Baba. Si ya kumi, wala si ya hamsini. Ni ya mia mbili na kumi na saba.

Nilihesabu upya mara nne. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro alilolalia. Halikuwepo. Hao wa juu ni mafuta, madini, mabenki na simu. Mabati ni mabati. Na sasa nikuambie jambo ambalo Mama halijui bado, wala usimsomee kwa sauti mpaka umalize mwenyewe.

Sikuweza kukuandikia namba hiyo. Nilikaa mezani kwangu watu walipokwenda kula, nikatengeneza ukurasa wa uongo. Nilichukua ukurasa wa kwanza wa orodha, wenye kampuni ishirini na tano za juu, nikaing'oa benki moja iliyokuwa imekaa nafasi ya ishirini na moja kwa haki yake, nikaiweka kampuni yetu. Nilikusudia nakala moja tu, ya kukutumia wewe. Nikachapa, nikakunja, nikatia ndani ya bahasha na kuandika jina lako. Nilijisikia binti mwema kuliko wote duniani.

Kumbe ukurasa ule niliuhifadhi kwenye kompyuta kwa jina lile lile la ukurasa wa kweli. Mwenzangu wa meza ya pili alipokusanya kurasa za kupeleka kiwandani kwa mpiga chapa, akauchukua huo. Nilikuja kugundua kesho yake saa nne asubuhi. Sikuaga mtu. Nilikimbia na viatu mkononi kutoka kwetu hadi kiwanda cha chapa, mitaa minane, nikaingia mle ndani nikipiga kelele wazime mashine. Mpiga chapa ni mzee mnene asiyependa haraka. Akaniuliza kama kuna moto. Nikamwambia ndiyo, upo, nimeuwasha mimi. Akabonyeza kitufe. Karatasi mia nne zilikuwa zimeshatoka, na katika kila moja wewe umekalia kiti cha benki.

Nilizibeba zote, pamoja na ile bahasha yako, hadi kwa Mama Desimali, nikazilaza mezani pake, nikamweleza bila kuficha, hata habari ya sherehe yako. Aliusoma ukurasa wa juu mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali moja tu: kwa nini ishirini na moja, kwa nini nisikuweke wa kwanza kabisa? Nikamjibu kwamba baba yangu anajua hesabu, wa kwanza asingeamini. Niliona mdomo wake unacheza kidogo. Lakini akaniambia kucheka hakufuti kosa. Akasema mtu akigundua namba moja ya uongo kwenye kitabu, elfu tatu zilizobaki zote zinakufa. Akaniita mbele ya wenzangu nikayasema tena kwa kinywa changu. Kazi sikufukuzwa, ila kwa miezi sita kila nitakachoandika kitasomwa na mwenzangu kwanza, na jina langu limeondolewa kwenye orodha ya waliotayarisha kitabu.

Kwa hiyo kitabu ninachokutumia pamoja na barua hii, usisumbue macho yako kunitafuta. Simo. Kila mstari wa sura ya vituo vya biashara niliuandika mimi, lakini simo, na aliyenitoa ni mimi mwenyewe.

Nisamehe, Baba. Nilikudharau kwa kudhani unahitaji kushikiwa mwavuli. Wewe kwa miaka thelathini na minne hukuandika bati moja la ziada kumpendeza mtu, halafu bintiyo anakutengenezea ukurasa.

Lakini msisimko wangu haujaisha, na nataka uuelewe. Kampuni elfu tatu na mia nne! Hesabu ni zako: kuna zaidi ya elfu tatu nyuma yetu. Kuna nchi ambazo hazina hata kampuni moja mbele yetu. Na katika zile mia mbili na kumi na sita zilizotutangulia, sijaona moja ambayo mzigo wake unafika nchi ya tatu na mnunuzi anaupokea bila kuhesabu. Nilimwambia Mama Desimali hivyo. Akasema hilo halina safu kwenye jedwali letu. Kisha jana akanipa faili tupu, akaniagiza nifikirie namna ya kulipima kwa kitabu cha mwaka kesho. Sijui nitalipimaje. Nimeshaanza.

Ukurasa wa kweli ni wa kumi na mmoja, mstari wa kumi na saba kutoka juu. Kuusoma mbele ya watu au kutousoma ni shauri lako, siku ni yako. Mimi ninakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Najua ukikasirika hunyamaza siku tatu, na siku tatu hatunazo. Kwa hiyo nakuomba unigombeze hapo hapo kituoni, mbele ya abiria, mpaka uridhike, kisha unipokee begi, ni zito.

Nisalimie Mama, shangazi na wapakizi wote wa ghala kubwa, hasa yule anayeniita mkwewe tangu nikiwa na miaka minne. Mungu akulinde.

Ni mimi bintiyo akupendaye,

Chiriku