Ukurasa Uliouficha, Profeseri

Profeseri,

Sikuja kukuzika. Wenzangu wa labo, maabara yako, walikuja na maua, mmoja akasoma hotuba ya kukusifu. Mimi nilikuwa kiwandani, Zone Industrielle, nikipima sabuni, kazi niliyoipata uliponifukuza. Sikulia. Nakuambia mapema usije ukadhani vingine.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulikuwa umetoa kemikali kwenye mizizi, ukitaka iwe dawa ya malaria. Tia protini ya damu kwenye kichupa, ulisema, imulike, itang'aa. Ongeza dawa tone kwa tone, na mwanga ukififia ujue dawa imeishika. Mwanga ulipofifia, ulifurahi hadi ukanunulia labo nzima fanta. Siwezi kukuchukia bila kuikumbuka fanta ile, na hilo nalo linanikera.

Kisha nikajaribu na DNA. Niliitia rangi inayong'aa ikijibana ndani yake. Nikaongeza dawa yako, mwanga ukafifia. Dawa ilikuwa imeisukuma rangi nje na kukaa mahali pake, katikati ya vipago vya DNA, ngazi ile ambayo kila chembe ya mwili inaisoma. Kitu kikikwama hapo kinaweza kumharibu mtu mzima, sembuse mtoto aliye tumboni.

Nilikuletea karatasi ya matokeo. Hukuimaliza. Ukasema mbele ya wanafunzi wote: "Huyu mutoto hajui hata kuosha vichupa." Wakacheka. Nikarudia jaribio mara nne. "Apana," ukasema. "Mi nimesema basi." Makala yako ikatoka na habari ya protini peke yake, bila DNA, bila jina langu. Nami nikatolewa labo.

Mwezi uliopita mke wako aliniita kwenu Nyakabiga nichukue madaftari yako. "Alisema we ndiye uliyekuwa unaelewa," aliniambia. Nilifikiri ananifariji tu.

Nikafungua la mwisho. Jaribio la DNA. Mwandiko wako! Wiki moja baada ya kunifukuza ulilifanya mwenyewe, peke yako, na mstari wa mwanga kwenye grafu ukashuka vilevile kama wangu. Chini yake, kwa wino mwekundu: Elle a raison, yaani yuko sahihi. Nilikuwa sawa.

Ulijua. Ulinipita njiani, ukaniitikia salamu, huku unajua. Kama ungekosea tu ningekusamehe, maana wote tunakosea. Lakini wewe ulipima, ukaona, ukafunga daftari.

Na madaktari walioisoma makala yako walikuwa wameshachagua wagonjwa wa kwanza wa kujaribiwa dawa, huko Gatumba. Wengi ni wanawake vijana, wa umri wa kubeba mimba. Nikawapelekea ukurasa wako. Wamesimamisha kila kitu.

Mke wako akanipigia simu. "Nilikupa madaftari kwa wema, we umemuua mara ya pili." Nikasema, "Pole, mama." Akakata. Mama yule hakunikosea neno hata moja, na sasa hatanisalimia tena. Hilo pia naliweka juu yako.

Basi, Profeseri, kwaheri. Wengine wamekuombea upumzike kwa amani. Mimi siwezi, si mwaka huu. Naiandika makala ya kusahihisha ile yako, na naahidi haitakuwa na nusu iliyofichwa. Jina lako nitaliweka pamoja na langu, kwa sababu jaribio la mwisho lilikuwa lako na ulilifanya vizuri. Usinishukuru.

Clarisse