Mwanamke wa Dirishani na Kihaya Chake

Mama,

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuliitazama tena filamu yako uliyoipenda, sebuleni kwako Nshamba, na mtafsiri nilikuwa mimi. Usicheke. Nilikaa kwenye kigoda chako, ubavuni mwa televisheni, jicho moja kwenye skrini na jingine kwa wageni, kama ulivyozoea wewe. Bibi Kokwijuka, jirani yetu, alifika wa kwanza na fimbo yake, na kabla hajakaa akauliza kama kahawa ya kutafuna ipo. Ilikuwepo, kwenye kikapu chako kidogo.

Tangu tukuzike hapo kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, sebule ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nakuja kutoka kwangu Kibeta, Bukoba mjini, nafagia, nafungua madirisha, nafunga, narudi. Ni Bibi aliyenisimamisha nje ya kanisa akasema wageni wako wamechoka kushinda Jumapili nzima wakitazamana na migomba.

Unajua ulivyoniharibu? Siwezi kutazama tamthilia kwa amani. Wewe zote ulizipimia jikoni: "Wamevaa vizuri, lakini wanakula saa ngapi?" Ile ya mama mkwe tajiri anayewazaba vibao wake wa wanawe, sehemu baada ya sehemu, uliimaliza kwa swali moja: "Huyu hana kibanja cha kupalilia?" Sasa nami nauliza hivyo hivyo. Naziuliza za Kituruki, za Kifilipino, hata hizi zetu ambazo mgonjwa mahututi kitandani amepaka rangi ya mdomo. Nyingi hazijibu. Za zamani zisizo na rangi ndizo ninazozipenda mpaka leo, kwa sababu hazina haraka. Zinakuachia uso wa mtu mpaka umzoee.

Na katika hizo zote, hakuna iliyonikaa kama ile ya mwanamke wa dirishani. Mchumba wake anapanda treni kwenda vitani, anarudi baada ya miaka mingi, anamkuta ameolewa. Anasimama nje ya dirisha la jikoni. Mwanamke anamwona, anasema maneno machache, bwana anageuka na kuondoka. Basi, imekwisha.

Uliishia darasa la nne, Mama. Kiingereza hukukijua. Wageni wako hawakukijua pia, na wengine hata Kiswahili kiliwasumbua. Ukawatafsiria kwa Kihaya, filamu nzima, bila kusita hata mara moja. Mimi mtoto niliamini unakijua Kiingereza.

Halafu nikarudi likizo ya kwanza ya chuo, Kiingereza kimenijaa kichwani. Filamu ikafika dirishani, nawe ukatafsiri: "Nilikungoja mpaka mgomba ulioupanda ukazaa mara tatu. Sasa nina watu wa kuwapikia. Nenda, lakini usiseme sikukungoja." Nikaropoka mbele ya wote kwamba hajasema hivyo. Amesema tu mvua imeanza kunyesha.

Ulichukua kikapu cha kahawa ukazungusha kwa wageni, ingawa kila mtu alikuwa bado anatafuna. Tangu siku ile, kila nilipokuwa nyumbani hukutafsiri tena. Ulisema koo linakuuma. Koo lilikuuma miaka sita, Mama, na sikuwahi kukuomba radhi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikia ya Jumapili. Nilianza kutafsiri kwa usahihi, neno kwa neno, kama mwalimu wa Kiingereza niliyejifanya ile likizo. Haikuchukua muda Bibi akauliza kama nimeweka filamu nyingine. Mwingine akasema waigizaji ni walewale ila leo wamekuwa wapole mno. Nikaendelea. Nikawa naona jinsi tafsiri yangu ilivyokuwa sahihi na jinsi wanawake walivyokuwa wanasinzia.

Tukafika dirishani. Wote wakaacha kutafuna. Nikamwangalia Bibi Kokwijuka: alikuwa amelegeza fimbo, amesogea mbele, kinywa wazi kidogo. Mchumba wa kwanza wa Bibi alikwenda Uganda kutafuta kazi, akarudi mvi zikiwa zimemtoka, akamkuta ana mume na watoto. Habari hiyo Nshamba nzima inaijua. Hata mimi niliijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuiweka pamoja na filamu. Miaka yote ile, Mama, ulikuwa unamtafsiria yeye. Na mimi nikamletea mvua.

Nikasema ya kwako. Nilifika kwenye mgomba nikakwama, sikukumbuka umezaa mara mbili au tatu. "Tatu," akasema Bibi. Na mwisho sikuusema mimi. Waliusema wao, wote kwa pamoja, kwa Kihaya chako: nenda, lakini usiseme sikukungoja. Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanishukuru, "Wakola muno, mwanangu," kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu.

Basi nakwambia mimi mwenye cheti ukutani. Aliyetunga filamu ile alikuwa na kamera, na waigizaji, na treni nzima, lakini sentensi bora kuliko zote humo ndani ni yako. Nimewaambia hivyo hata walimu wenzangu. Nilijisikia kichwa kinagusa dari.

Nisamehe kwa ile likizo. Nimekwenda kukuambia hapo kibanjani kwa mdomo, lakini nililia, kwa hiyo naandika.

Jumapili ijayo wanataka tamthilia ya yule mama mkwe wa vibao. Bibi ameshauliza kama safari hii atakuwa na kibanja. Nimemwahidi atakuwa nacho, tena chenye magugu ya kutosha kumshughulisha asubuhi mpaka jioni. Na kila Jumapili umeme ukiwepo nitakuwa kwenye kigoda chako.

Pumzika, Mama. Mimi koo haliniumi.

Mwanao,
Kemilembe