Harusi Tuliyoiona kwa Provia

Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda
12 Machi 2014

Mpendwa mdogo wangu Gervais,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Umeizoea baridi ya Kanada? Sisi tuko wazima. Mguu wa Mama umepata nafuu, mahindi yamepata mvua, na mdogo wetu Parfait bado anashinda kwenye kibanda cha video akitazama watu wakipigana, eti anajifunza Kiingereza. Anachojua hadi leo ni matusi.

Haya. Wiki iliyopita nilimpeleka Mama kwa daktari Mbarara. Kurudi tukapita mtaa wa Ruti kwa Provia, yule dada mwenye kafe ya intaneti, tuone kama umetuma picha. Provia akafungua Facebook, akacheka: "Mama, kijana yako ameoa!"

Gervais! Kwa simu ulituambia ni maombi madogo tu, mchungaji na watu wawili. Maombi gani yenye moshi unaotoka sakafuni? Keki ndefu kuliko Parfait! Na wale wasimamizi wako wenye miwani myeusi ndani ya kanisa, wanaogopa jua gani? Lakini mlivyocheza mkiingia, weee! Nilipiga vigelegele mpaka wateja wa Provia wakageuka. Bibi yako ni mzuri, na kucheza anajua. Sitaki kusema uongo.

Mama alitazama tu mpaka ilipofika zamu ya mama wa bwana harusi. Unajua desturi ya kwetu: aliyemzaa mume ndiye anayemfunika bibi harusi kitenge, kikwembe chetu, mabegani na kumpa jina la nyumbani. Basi tukaona mama mmoja mnene anakuja akicheza na kikwembe. Mama akaniuliza, "Yvette, ule ni nani mu fasi yangu?" Alimwomba Provia arudishe, akatazama tena. Kisha akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Twende soko." Niliumia, mdogo wangu, na nilikukasirikia sana.

Najua ulificha ili usimwumize. Umemwumiza mara mbili.

Ila Mama si mtu wa kulia akaishia hapo. Sokoni alichagua kikwembe cha njano, akakataa hata nimshikie. Jumapili baada ya mahubiri alimwomba Mchungaji Nehemiya ruhusa, akanisimamisha mbele katika nafasi ya bibi yako. Akacheza na mguu wake huohuo toka mlangoni mpaka madhabahuni, kwaya ikimwimbia, akanifunika, akasema: "Nakupa jina la mama yangu. Wewe ni Feza, mtoto ya nyumba yangu." Kanisa zima likapiga vigelegele. Parfait alipiga video kwa simu akamtumia Provia, naye ameshaiweka kulekule Facebook, chini ya yako.

Barua hii na kikwembe anakuletea Kalume, jirani yetu, aliyepata safari ya kuja huko. Mfunike bibi yako. Na usitutumie vidole gumba vya Facebook, havitoshi. Mama anatembea na simu, hata shambani anaenda nayo. Usipige wewe. Apige Feza.

Shangazi Orpa na mumewe Déo wanakusalimu. Mungu aijenge nyumba yenu, awape na watoto wa kuisumbua.

Dada yako akupendaye, ingawa bado amenuna,
Yvette