Shangazi, Jumamosi Nimfunde Nini Nuru?

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nawe umelala kaburini Mombasa mwaka wa tatu sasa, huwezi kunijibu. Bora hivyo. Ungekuwa hai ungeniambia nishushe sauti.

Walioniudhi ni wanawake wa Kambodia. Usicheke. Nimejiandikisha darasa la jioni la riwaya, na muhula huu tunasoma waandishi wa kike wa Kikhmer, wa hukohuko Kambodia. Nawasoma kwenye basi nikirudi Kilburn, hapa London, kutoka kazini, mgongo unaniuma kwa kuinua wazee wa watu ninaowatunza, na kila nikifungua kitabu namkuta mwanamke yuleyule. Anatembea sakafu isisikie. Hacheki hadi meno yakaonekana. Mumewe akihamia kwa mwingine, yeye anamkunjia nguo. Kisha anasifiwa! Na anayemsifu ni mwanamke mwenzake, kalamu mkononi. Juzi nilikifunga kitabu kwa kishindo hadi abiria wa mbele akageuka.

Kinachonikera zaidi ni kwamba huyo mwanamke namjua. Ulinifanya mimi kuwa yeye, wewe somo uliyewafunda maharusi wa mtaa mzima. Unakumbuka siku saba ulizonifunda chumbani kwako? Ulinipa sinia la glasi sita nivuke chumba, na zikigongana narudi mlangoni. Nilirudi mpaka nikalia. Ukanipangusa machozi kwa leso yako, ukasema, "Sasa umekuwa mke." Nilikupenda sana siku ile. Hilo nalo linanikasirisha.

Maana mume wangu alipoanza kulala Thornton Heath kwa mwanamke mwingine, nilikupigia simu wewe kwanza.

"Stahamili, mwanangu," ukaniambia. "Watu watasemaje?"

Nikastahamili miaka tisa, Shangazi. Miaka tisa nampigia pasi mashati ya kuendea kwa mwenzangu! Watu hawakusema lolote. Hawakujua hata kama nipo.

Sasa Nuru, binti wa kaka yangu, anaolewa, na familia imeamua somo wake ni mimi. Eti nilifundwa na wewe. Nuru, mzaliwa wa hapahapa London, alinitazama usoni akaniuliza, "Aunty, be honest, yalikusaidia?" Nikajifanya natafuta funguo.

Jana nilikimaliza kile kitabu. Mwishoni, mama mkwe anamwamuru mjukuu wake aghani beti za adabu za mke, zile wanazokaririshwa wasichana wao. Mtoto anafika katikati, anasahau. Wote wanamgeukia mama yake, yule mkunja nguo, amkumbushe. Mama anazijua zote. Anainamisha kichwa, hasemi kitu, na beti zinaishia hapo kwa binti yake. Kimya kilekile kilichoniudhi kitabu kizima! Nilirudia ukurasa ule mara tatu, nikapitiliza kituo changu.

Basi Jumamosi nitampaka Nuru liwa, nitamfukiza udi nilionunua Edgware Road, nitamwambia yote uliyoniambia kuhusu mwili wake na raha yake, kwa sababu hapo hukukosea. Glasi atabeba anavyotaka. Tukifika kwenye kustahamili, wanawake wote watanitazama nianze. Nitainamisha kichwa, Shangazi, vilevile ulivyonifunza, na sitasema kitu.

Mungu akulaze pema. Bado nimekukasirikia, na bado leso yako ninayo.

Ni mimi,
binti wa kaka yako