Usivuke Kabla Sijakuandikia

Rusinga,
12 Machi 1967

Mwanangu Walter,

Nisamehe kwa kukaa miezi miwili bila kuijibu barua yako ya kutoka hospitalini. Mvua imeanza, na mama yako amepanda mtama.

Tuliambiwa kwamba ulipotea vitani kaskazini. Tulingoja mwaka mzima, kisha tukazika tunda la yago mahali pa mwili wako, kama ada yetu ilivyo. Mkeo Rispa alirithiwa na ndugu yako Dishon, na sasa ana mimba.

Nilipowasomea barua yako, Dishon alisema, "Baba, aliyezikwa haingii tena lango hili."

Rispa akamjibu, "Basi nitamfuata huko nje."

Usivuke kuja kisiwani. Wazee watakaa Jumamosi, lakini mimi ndiye niliyelizika tunda lile, na neno la mwisho ni langu. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako,
Paul Odero