Kijibwa Aliyeuma Akicheza

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku mtaani Tena tu wazima, na nyanya yako anakusalimu. Umeniuliza kama umtoe kijibwa chako kwa sababu anauma mkicheza. Ngoja kwanza.

Nilipokuwa karani kijana, kijibwa changu aling'ata mikono na majirani tuliopanga nao ploti moja wakamsifu: "Mwache, mbwa wa ploti awe mkali!" Nikamwacha, hadi akamuuma mtoto wa mwenye ploti. "Akiuma tena, mhame nyote wawili," nikaambiwa. Niliogopa sana. Tangu hapo, meno yakinigusa nililia "Uwi!", nikampa mgongo, na mchezo ukaishia hapo. Akitulia, nilimpa soksi kuukuu tuvutane.

Jioni moja aliushika mkono wangu mdomoni, akasita, akaulamba. Hakutaka kuumiza mtu. Alitaka tuendelee kucheza.

Mkune masikio kwa niaba yangu.

Babu