Nitapiga Gitaa Upande wa Wagalu

Kalangalala, Geita

Mama yangu mpenzi,

Mwangaluka, na shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia, na pamba mmeshaitoa shambani kabla ng'ombe wa jirani hawajaionja. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na hasira yangu nayo ni nzima.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako inashinda mfukoni kwa kaka Kulwa, na nikipiga ni yeye anayeniuliza kwanza nataka nini. Barua hii anakuletea yule mama muuza dagaa, yule yule uliyempa kifurushi aniletee. Kifurushi nilikipata. Nilikifungua nikaona ile koili ya gitaa la marehemu Baba, ile inayonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika, waya wake umekatika ndani kwa kutu, na ujumbe wako nikaupata kwa mdomo wake: "Mama Kulwa anasema umtengenezee kaka yako, mashindano yamekaribia." Nilicheka peke yangu. Kisha nikaitupa koili chini ya meza, ikakaa huko.

Mama, tuseme ukweli. Baba aliponifundisha kupiga gitaa, Kulwa alikuwa mnadani anafukuzia wasichana. Baba alipofariki, kikao cha ukoo kikampa Kulwa gitaa kwa kuwa ndiye mkubwa, nikanyamaza. Akaanzisha bendi, nikawa mbeba spika na betri zake, nikanyamaza. Lakini siku ile ya mashindano alishika maikrofoni akaimba, "Shija beba betri, mikono yako ya punda," na uwanja mzima ukaitikia. Uwanja ningeusamehe. Wewe ulikuwa mstari wa mbele, Mama, na ulicheka mpaka ukashika kiuno. Nilikuona. Wiki ile ile nikapanda basi la Geita.

Huku kazi yangu ni kusuka mota za makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Mota ikiungua tunang'oa waya wa zamani, tunasuka mpya, mashine inaamka. Ni kazi ya vidole, na kila nilipovuta waya nilimfikiria Kulwa. Nikajiapiza kwamba nitatengeneza gitaa langu mwenyewe, la umeme, kwa mikono hii hii ya punda.

Jirani wa banda letu ni Yusufu, seremala kutoka Kigoma. Alinipa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha bwana harusi mmoja, nikakichonga kiwiliwili kwa tindo na msasa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Shingo nikaichonga kwa mtiki. Nikakata spoku za baiskeli, nikazipachika kwenye shingo ziwe vile vyuma vya kubania nyuzi. Hapo ndipo nilipochemka. Kwenye mota nafasi zote zinalingana, ukikosea moja tu inanguruma vibaya. Vidole vyangu vimeshazoea hivyo, basi nikapanga vyuma vyote kwa umbali mmoja, toka mwanzo wa shingo mpaka mwisho, vimenyooka ajabu. Nilipofunga nyuzi na kupiga, ikatoka sauti ya mbuzi anayeburutwa.

Yusufu aliweka randa chini akaja kuangalia. "Bwana Shija, hii ni ngazi," akasema. "Wapelekee wapaka rangi."

Niliivunja ile shingo gotini kwa hasira. Mimi niliyekulia mbele ya gitaa la Baba, nikasahau kwamba vile vyuma huzidi kukaribiana kadiri unavyoteremka kwenye kiwiliwili. Nikaenda kwa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa la jirani, nikalaza kadibodi kwenye shingo ya gitaa lake, nikachora kila chuma kilipo, nikapima na urefu wa nyuzi, nikarudi kuanza upya. Koili ya hili gitaa langu nimeisuka mwenyewe, kwa waya mwembamba nilioutoa kwenye transfoma ya redio mbovu, na sumaku nikazing'oa kwenye spika iliyopasuka. Waya ule ukiupumulia vibaya unakatika. Ulikatika sana tu, na kila ulipokatika nilimtukana Kulwa kwa jina lake, maana sikuona mwingine wa kumtukana.

Mama Neema, anayetuuzia chakula hapa, alinishauri niende kwa mganga. "Gitaa bila dawa ni mbao tu, baba," akaniambia. "Huyo kaka yako unadhani watu wanamfuata hivi hivi?" Nikamwambia gitaa la Baba nimelifungua mara nyingi kulisafisha, na ndani hamna dawa, mna vumbi na mende. Akakubali nichomeke langu kwenye sabufa yake.

Nikapiga ule wimbo wa Baba wa kuitia watu shambani. Kabla sijaurudia, waliokuwa wanakula wakainuka na sahani zao. Watu wa karasha wakaja na vumbi usoni, bodaboda wakazima pikipiki zao, na mzee mmoja wa Kahama akaanza kutikisa mabega. Kibanda cha pili, ambacho nacho hupiga muziki, kikabaki na mwenyewe tu. Mama, nilisikia raha mbaya. Nilipomtazama yule mwenye kibanda, nilikuwa kama namwona Kulwa ameachwa peke yake.

Sasa kuna neno ambalo hutalipenda. Wagalu, wapinzani wetu wa ngoma, wamenitafuta. Mwaka huu nitapiga upande wao, siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, nikitazamana na Kulwa, na kama kawaida mshindi ni yule atakayevuta watu wengi upande wake. Najua nyumba yetu ni ya chama cha Wagika tangu enzi za babu, na najua watasema nimelaaniwa. Waseme. Nataka niwaone watu wakimhama mmoja mmoja, halafu kwa makundi, mpaka abaki anawaimbia kuku.

Koili yake ndiyo hiyo anayokuletea mama wa dagaa. Nimeisuka upya. Usinishukuru, na usimwambie kwamba nimemsamehe, maana sijamsamehe. Nimeisuka vizuri kuliko ya kwangu, na ule waya bora niliokuwa nimeuficha nimeumalizia mle. Akishindwa na gitaa bovu atasema lilikuwa bovu, na wewe utamwamini. Nataka ashindwe likiwa zima, kila mtu akilisikia linavyolia. Mwambie tu waya mwekundu aulehemu pale ulipokuwa wa zamani, asije akaliharibu halafu akanisingizia mimi.

Nisalimie dada Doto, pacha wake Kulwa, ambaye siku ile hakucheka. Msalimie shangazi unayeishi naye, na baba mdogo anayetunza ng'ombe wa Baba, hata kama atakataa salamu zangu akishasikia habari za Wagalu.

Nawe Mama, najua siku hiyo utasimama kwa Kulwa. Simama. Nitapiga nikikutazama wewe, wala si yeye. Watu watakapoanza kuhama, sikuombi umtupe mwanao. Nakuomba uvuke ule uwanja, mbele ya wote waliokuona ukicheka, uje usimame kwangu. Usipovuka, hata nikiwachukua watu wote nitakuwa nimeshindwa.

Mwanao,
Shija